Pijo ya Gulamhussein

Kwa miaka thelathini na minane Mfaume Kitwana hakugusa injini ya gari. Alitengeneza kila kitu kingine kinachokunywa mafuta: mashine za boti, pikipiki, mashine za kusaga, jenereta za kukodishwa harusini. Lakini gari likiletwa kibandani kwake, hapo Kilwa Kivinje, hata kama lilihitaji plagi moja tu, alifuta mikono kwa tambara na kumwelekeza mwenye gari kwa mafundi wa Nangurukuru. Wageni walidhani hajui kazi. Wenyeji walijua sababu, na kwa kuwa waliijua hawakumuuliza.

Sababu yenyewe ilikuwa imefungiwa mita mia tatu kutoka hapo kibandani, katika ghala la marehemu Gulamhussein, aliyekuwa na duka hapo mjini, mtaa wa chini unaopakana na mikoko. Ilikuwa Pijo 404 nyeupe. Mwaka 1986 Mfaume alikuwa na miaka ishirini na sita, na ndiye aliyekuwa dereva wa gari lile na fundi wake pia. Masika ya mwaka huo alimpakia mkewe, Batuli, kutoka Tingi, alikokuwa amekwenda kwa mama yake kujifungua mimba ya kwanza kama ilivyo ada. Uchungu ulikuwa umemshika siku mbili na mtoto hashuki. Kutoka Tingi mpaka hospitali ya Kivinje, hata kwa barabara ya wakati ule, haikuwa safari ya zaidi ya saa moja na nusu.

Gari lilizima mara saba. Lilikuwa likienda vizuri, kisha linashtuka-shtuka kama mtu aliyepaliwa, linanyamaza. Likiachwa kidogo linawaka, kama halijawahi kuugua. Linakwenda mwendo mfupi, linanyamaza tena. Mara ya saba Batuli alikata roho kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja ya mama yake, Bi Mwanaidi, na mtoto akiwa bado tumboni.

Asubuhi ya siku ile ile Mfaume alikuwa ameifungua kabureta na kuisafisha. Hilo kila mtu alilijua, maana alifanya kazi hiyo barazani kwa Gulamhussein, mbele ya wanunuzi. Baada ya mazishi Gulamhussein aliita fundi mwingine kutoka Lindi. Fundi huyo akaliwasha, likawaka. Akaliacha liungurume uani nusu saa nzima, halikutetereka. "Sioni ugonjwa," akasema, akapanda basi akarudi kwao. Tangu hapo mji ukagawanyika nusu kwa nusu. Nusu walisema fundi alikosea kabureta. Nusu walisema gari lile lina wenyewe. Gulamhussein hakutaka kubishana na upande wowote. Akaagiza lisukumwe ghalani, akatia kufuli, na mpaka anakufa hakulifungua.

Mfaume aliishi katikati ya pande hizo mbili. Alimwoa Sikina, wakapata watoto wanne ambao sasa wako Dar na Mtwara. Alizeeka kama watu wengine. Ila kila alipopishana na Bi Mwanaidi njiani, alisimama, akainamisha kichwa, akaamkia, "Shikamoo, Mama." Mama huyo alikuwa ameihama Tingi miezi michache baada ya msiba, akaja kupanga chumba Kivinje, watu walisema anakimbia kaburi la mwanawe. Mkwe ni mkwe hata aliyewaunganisha akiwa hayupo tena, na Mfaume hakuacha kuamkia. Naye Bi Mwanaidi alipita bila kumtazama, macho chini, kama anayepita kando ya kisima.

Mfaume hakuwa akitafuta kusamehewa. Alitaka kujua tu: je, ni mkono wake uliomwua Batuli, au siyo? Lilikuwa swali dogo, la fundi, la spana na bisibisi. Mtu anaweza kubeba swali la namna hiyo mpaka likawa ndiyo umbo lake. Ukimwona anavyotembea, unaliona.

Mwezi wa sita mwaka jana Altaf, mtoto wa Gulamhussein anayeuza vyombo Lindi, alikuja kuliangalia ghala. Alimkuta Mfaume amepiga magoti mbele ya mashine ya boti.

"Kaka Mfaume, nimeleta ufunguo."

"Ufunguo wa nini?"

"Wewe unajua wa nini." Altaf alijisogezea kindoo, akakigeuza, akakalia. "Paa lile halimalizi mwaka. Gari nalitaka Lindi, tena liende lenyewe. Sitaki kulivuta kwa kamba kama ng'ombe aliyekufa."

"Nangurukuru kuna vijana wazuri sana siku hizi. Wana hata kompyuta."

"Kompyuta kwenye Pijo ya babangu utaichomeka wapi?" Altaf alicheka, kisha akaacha. "Marehemu alisema gari lile likifunguliwa, alifungue Mfaume. Alisema mara moja, na unamjua baba, hakuwa mtu wa kurudia. Ukikataa sitakulaumu. Wiki ijayo wanakuja wa chuma chakavu, watalikata, basi."

Mfaume aliendelea kukaza nati ambayo ilikuwa imeshakaza. Likikatwa, swali lake litakatwa nalo, vipande vipande, na kila kipande kitakwenda kuyeyushwa mahali asipopajua. Alinyoosha mkono uliojaa grisi. Altaf akauwekea ufunguo.

"Kwa hiyo unarudi kwa mke mwenzangu," Sikina alisema jioni, akikuna nazi.

"Nakwenda kwenye gari, Sikina."

"Si ndiyo huyo huyo! Miaka yote hii tunaishi naye nyumba moja, hajanisaidia hata kuosha sufuria. Ukifika mwambie namsalimia." Alikuna kidogo, akasimamisha mkono. "Nenda, Baba Amina. Nenda ukaangalie. Nimechoka kulala na mtu anayehesabu mpaka saba usingizini."

Kufuli lilikataa ufunguo mpaka alipolilainisha kwa mafuta. Ndani mlikuwa na giza la mchana, lile lenye vijishimo vya jua kutoka kwenye bati lililotoboka, na harufu ya mbata ya zamani iliyokuwa imeshika kuta. Pijo ilikuwa imekaa juu ya matofali, tairi zake zimepasuka kama midomo ya mgonjwa. Vumbi juu ya boneti lilikuwa nene kiasi cha kuandikwa kwa kidole. Panya walikula nyaya. Nyigu walijenga udongo ndani ya taa. Yote hayo Mfaume aliyategemea.

Hakutegemea harufu ya ubani. Ilikuwa hafifu, lakini haikuwa ya zamani.

Alifungua mlango wa nyuma. Juu ya kiti kilichochanika palikuwa na kanga imekunjwa mara nne. Aliitambua kabla hajaigusa: nyeusi na nyekundu, pembe moja imeungua kwa mkaa. Ndiyo iliyomfunika Batuli siku ile. Aliweka kiganja juu yake, akakiondoa upesi. Kanga ilikuwa safi. Ilinuka sabuni ya mche, na ilikuwa na lile joto la nguo iliyoanuliwa juani muda si mrefu.

Alimpigia Altaf simu akiwa nje, mgongo ukutani.

"Ghala hili nani mwingine ana ufunguo?"

"Hakuna. Ufunguo ni huo mmoja, ulikuwa kwenye sefu ya baba. Kuna kilichoibiwa?"

"Hapana," Mfaume alisema. "Hakuna kilichoibiwa."

Siku ile kabla hajafunga, alimwaga majivu mlangoni, akayasawazisha kwa ubao. Asubuhi yake yalikuwa kama alivyoyaacha, hata alama ya mjusi hapana. Alipofungua mlango wa nyuma wa gari, kanga haikuwa imekunjwa tena. Ilikuwa imetandazwa, imekunjamana katikati, kama shuka la mtu aliyeamka sasa hivi akaenda kunawa.

Mtu mwingine angerudisha ufunguo. Mfaume alitoa plagi, moja baada ya nyingine, akamimina mafuta mepesi katika kila tundu ili vyuma vilivyoshikana viachane, akakaa chini kuyasubiri yashuke. Alikuwa na namna yake ya kazi, aliyojifunza ujanani na asiyoiacha hata kwenye mashine za boti: huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma, mpini akaukaza sikioni, akasikiliza. Chuma hakifichi siri kwa bisibisi. Kupitia mpini ule aliwahi kusikia beringi inayotaka kufa wiki mbili kabla haijafa. Basi, kwa mazoea tu ya mkono, aliweka bisibisi juu ya injini ile iliyokufa, akainama.

Akasikia pumzi.

Ilivutwa ndani taratibu, ikakaa, ikatoka kwa kukatika-katika, kama ya mtu anayejizuia asipige kelele mbele ya wakwe. Kisha tena. Alihesabu bila kutaka. Akajiambia ni bahari. Majengo ya mtaa ule yamejengwa karibu na maji, na maji yakijaa hupenya chini ya sakafu na kusukuma hewa. Alitoka nje kutazama. Maji yalikuwa yamekupwa mbali kabisa, matope matupu mpaka kwenye mikoko, na kaa wanakimbizana. Aliporudi akaweka bisibisi tena. Chuma kilikuwa kimya, chuma tu.

Sikina alipoelezwa habari ya kanga hakufanya mzaha. Alisema, "Kesho uingie na bismillahi, na utoke kabla ya saa sita." Ile saa jua linaposimama utosini, wazee wa pale hawapendi mtu awe peke yake penye magofu.

Siku ya tatu alifungua kabureta. Alikuwa ameiogopa kuliko kanga. Aliitoa mzimamzima, akaiweka juu ya sinia la bati, akaifungua skrubu moja baada ya nyingine, akivipanga vipande kwa mpangilio ule ule wa mwaka 1986, na kila kipande kilimwonyesha kijana aliyekuwa yeye. Gasketi ya kuzuia mafuta yasivuje aliikata mwenyewe kwa jalada la daftari, kwa vile mwaka ule vipuri havikupatikana, na maandishi ya jalada bado yalionekana. Tundu zote zilikuwa zimepitishwa waya mwembamba, safi. Boya la kupimia mafuta lilikaa kwa usawa wake. Alitazama mpaka macho yakatoka machozi ya kutazama. Hapakuwa na kosa. Kazi ilikuwa nzuri. Tena, alifikiri kwa huzuni, ilikuwa nzuri kuliko anazofanya sasa.

Ungedhani angefurahi. Badala yake alirudia kuvikagua vipande vyote tangu mwanzo. Kama siyo yeye, basi ilikuwa nini?

Likabaki tangi. Alilala chini ya buti, akafungua kamba zake za chuma zilizoshikwa na kutu, akalishusha juu ya kifua chake kama anayepokea mtoto. Petroli yote ilikuwa imekauka miaka mingi, imeacha utando mweusi unaonata. Alilitikisa. Kitu kikagonga ndani: tok. Akaligeuza. Tok.

Ilimchukua muda wa kutosha na waya uliokunjwa ncha. Kilichotoka mwisho kwenye mdomo wa tangi kilikuwa kidogo, cheusi, urefu wa pingili ya kidole, kimeviringwa ngozi na kushonwa kwa uzi mzito. Alikifuta kwa tambara. Ilikuwa hirizi.

Alichomoa lile bomba linalonyonya mafuta kutoka kwenye tangi. Akaitia hirizi ndani ya kopo la mafuta ya taa, akatumbukiza ncha ya bomba, akaweka upande wa pili mdomoni, akavuta. Hirizi ikaogelea, ikasogea, ikajibandika kwenye tundu la bomba barabara, kama kidole gumba kinavyoziba chupa. Hakuna kilichopita. Akaacha kuvuta. Hirizi ikaanguka chini polepole, na njia ikawa wazi. Akavuta tena: ikaziba. Akaacha: ikaanguka.

Alitema mafuta ya taa, akabaki ameketi sakafuni na bomba mkononi. Ndivyo ilivyokuwa, basi. Gari likienda, injini inavuta kwa nguvu, hirizi inaziba njia. Likisimama, hirizi inaanguka, njia inafunguka. Gari likiunguruma uani bila kwenda, halivuti vya kutosha. Miaka thelathini na minane ilikuwa ndani ya kopo lile, inapanda na kushuka.

Jua lilikuwa limefika utosini bila yeye kujua. Nyuma ya magunia yaliyorundikwa ukutani kitu kilikwaruza. Gunia moja likasogea. Palikuwa na mlango pale, ule mdogo wa kuingilia wanawake, ambao Mfaume alidhani ulizibwa tangu zamani. Na kupitia mlango ule, akiwa ameinama, akiwa na chetezo kinachofuka mkono mmoja, aliingia Bi Mwanaidi.

Alikuwa na miaka themanini na minne, mwembamba kama ufito. Hakushtuka kumwona. Alitazama tangi lililo sakafuni, kisha kopo, kisha mkono wake.

"Umeitoa," alisema.

Mfaume alisimama, akainamisha kichwa kama siku zote. "Shikamoo, Mama."

"Keti, mkwe. Nimechoka kukuona umesimama." Akaketi yeye mwenyewe kwanza, juu ya gunia, chetezo miguuni. Sauti yake, ambayo Mfaume hakuwa ameelekezewa tangu ujana, ilikuwa nyepesi kuliko alivyoikumbuka. "Hiyo ni yangu. Mimi ndiye niliyeitia humo."

"Kwa nini, Mama?"

"Mwalimu aliyeniandikia hirizi aliniambia nimfungie kila anayembeba mtoto. Mtoto kabebwa na Batuli, hirizi yake alikuwa nayo shingoni. Na Batuli kabebwa na gari. Nikatundika moja kwenye kioo chako, siku ulipomleta Tingi. Unakumbuka ulifanya nini?"

Hakukumbuka. Alitikisa kichwa.

"Uliing'oa mbele ya watu. Ulikuwa kijana umetoka kusoma ufundi Dar, suruali yako ya mtindo. Ukasema, Mama, gari siyo mtu, gari uhai wake ni petroli. Watu wakacheka sana. Mimi sikucheka, nililishika neno lako, maana wewe ndiye mwenye kulijua gari. Basi siku ile ulipoingia ndani kumbeba mwenzio, nikafungua kile kifuniko, nikaitia penye uhai wake."

Moshi wa ubani ulikuwa umefika usawa wa madirisha ya gari. Mfaume alisikia maneno yake mwenyewe yakirudi kutoka kinywa cha kikongwe, na ndipo alipoyakumbuka: kioo, kicheko, hata shati alilovaa.

"Ulijua lini, Mama?"

"Mara ya tatu." Hakuficha uso. "Liliponyamaza mara ya tatu, ukatoka ukafungua boneti, nikajua. Kinywa nikakifungua nikwambie. Kisha nikawaza, nikimwambia huyu ataitoa, kama alivyoitoa ile, na akiitoa tu mwanangu anakufa. Nikanyamaza. Mara ya nne nikanyamaza. Mara ya tano Batuli akanitazama, mkwe, kama anayejua. Nikanyamaza."

"Na mimi miaka yote nakuamkia."

"Nikuitikie vipi?" alisema. "Unaniombea heri, nami nimekuacha na mzigo wangu kichwani mwako mji mzima unautazama. Kila nikitaka kusema, ulimi unalala. Nikahamia hapa. Watu wakasema nimekimbia kaburi. Sikukimbia kaburi. Nilimfuata."

"Ulimfuata nani?"

Bi Mwanaidi alielekeza kidevu kwenye kiti cha nyuma.

"Mwalimu alisema isitolewe mpaka anayesafiri afike. Hajafika. Nyinyi mlimzika Tingi, mlizika mlichokizika. Mimi namfulia kanga yake hapa, naikunja mara nne, nakuja siku ya pili naikuta imekunjamana. Mwanzo niliogopa. Sasa nazungumza naye tu. Jana nilimwambia, mumeo amekuja."

Mfaume alitaka kusema kuhusu panya, kuhusu upepo wa kwenye bati. Lakini mpini wa bisibisi aliouweka sikioni jana yake ulimfunga mdomo.

Simu yake ikalia. Alikuwa Altaf, na katika ghala lile tupu sauti yake ilisikika mpaka ukutani.

"Vipi, kaka? Umeona ugonjwa?"

"Nimeuona."

"Nini?"

Bi Mwanaidi hakusogea. Alikuwa ameweka mikono magotini, viganja juu, kama anayesubiri kupewa kitu au kupokonywa.

"Uchafu kwenye tangi," Mfaume alisema. "Uliziba bomba."

"Uchafu wa juzi juzi au wa wakati ule?"

"Wa wakati ule."

"Kwa hiyo... ni kama walivyokuwa wakisema watu."

"Ni kama walivyokuwa wakisema. Mimi ndiye niliyekuwa fundi, tangi lilikuwa juu yangu."

"Pole, kaka."

"Nimeshapoa," alisema, akakata. Alikuwa amengoja jibu lile maisha yake yote ya utu uzima, na alikuwa nalo kwa muda usiofikia robo saa.

Bi Mwanaidi alilia bila sauti, kidogo, kama watu wazima sana wanavyolia, maji yasiyo mengi. Kisha akauliza, "Litakwenda?"

"Litakwenda."

"Basi tumfikishe."

Kazi ilichukua wiki tatu. Tairi na mipira ya breki zilikuja na basi kutoka Lindi. Nyaya alizitandaza upya. Tangi alilisugua kwa mnyororo na mchanga mpaka likang'aa ndani. Kila saa sita mkwewe aliingia kwa mlango wake mdogo, akaketi juu ya gunia lake, na Mfaume akaendelea na kazi. Hawakuzungumza sana. Siku nyingine alimsikia akinong'ona, na hakugeuka kuona anamnong'onea nani. Hirizi alimrudishia Bi Mwanaidi, naye akaifunga kwenye pindo la nguo yake. Mfaume hakuomba kuifungua.

Alipoingiza hendeli na kuzungusha, injini ilikoroma mara tatu, ya nne ikawaka. Moshi wa buluu ulijaa ghala lote, njiwa wakatoka paani kwa fujo. Aliweka bisibisi juu ya chuma, akasikiliza kwa muda mrefu. Ilikuwa injini inayofanya kazi. Hakusikia kingine chochote, na hakujua kama afurahi.

Walikwenda Tingi Jumatano asubuhi. Vijana wa bodaboda pale Nangurukuru walipiga honi na kupiga kelele, "Mzee, hiyo si ilikuwa ya Mjerumani?" Sikina alikuwa amemfungia chapati, akamwambia asiendeshe kwa hasira. Mbele ya kiwanja ambacho zamani kilikuwa nyumba ya Bi Mwanaidi, na sasa ni shamba la ufuta la mtu mwingine, alisimamisha gari bila kulizima.

Mama yule alishuka. Akafungua mlango wa nyuma, akatandaza kanga juu ya kiti, akainyoosha pembe zote nne.

"Panda, mama," alisema, kwa sauti ambayo mzazi hutumia kwa binti yake. "Taratibu. Shika hapa."

Alisubiri. Akafunga mlango kwa mikono miwili, polepole, asimgonge mtu. Kisha akaja kuketi mbele, yeye aliyekuwa ameketi nyuma siku ile.

"Hukai pembeni yake?" Mfaume aliuliza.

"Mwache alale. Endesha."

Barabara sasa ni ya lami, na baadhi ya zile sehemu saba gari lilipozima zimefunikwa, nyingine zimepigiwa vibanda. Mfaume alizijua zote. Penye daraja. Penye kichuguu ambacho hakipo tena. Penye mkorosho uliopinda. Kila alipokaribia, mguu wake ulikandamiza mafuta wenyewe na masikio yakasimama, akingoja kile kishtuko cha kupaliwa. Na kila mara Pijo ilipita ikiunguruma sawasawa. Hakutazama kioo cha kati. Mahali pa saba alipunguza mwendo kwa mazoea ya huzuni, na Bi Mwanaidi, aliyekuwa hajasema neno tangu Tingi, akasema kwa ukali, "Usisimame hapa!" Akapita.

Getini hospitali mlinzi alitoka kwenye kivuli chake akipunga mkono.

"Mzee, hapo hapaegeshwi! Mnashusha au mnapakia?"

"Tunashusha," Mfaume alisema.

Alizunguka, akafungua mlango wa nyuma, akanyoosha mkono. Hakujisikia mjinga, kama alivyohofia. Alingoja kwa kadiri ambayo mwanamke mwenye uchungu wa siku mbili angehitaji ili ajisogeze mpaka ukingoni mwa kiti, ashushe mguu mmoja, apumzike, ashushe wa pili. Mlinzi alikuwa amefungua kinywa awahimize. Akakifumba. Akasogea hatua mbili kando, akaiacha njia wazi.

Nyuma ya gari ikainuka kidogo juu ya springi zake za kale, kama linavyoinuka gari mtu anaposhuka. Bi Mwanaidi alikuwa bado ameketi kiti cha mbele, mikono mapajani, akitazama mbele.